Desemba juu ya Mto Songhua

Mto Songhua huganda kuanzia mwishoni mwa Novemba na haufunguki tena mpaka Aprili. Unapopita Harbin, mji mkuu wa mkoa wa Heilongjiang kaskazini-mashariki mwa China, ni mto mpana, na wakati wa joto watu huuvuka kwa feri. Ikifika Desemba wanauvuka kwa miguu. Nilimwona mama mmoja akitoka ng'ambo na kapu la vitunguu virefu vya majani, amejifunga skafu mpaka machoni, anakatiza katikati ya mto kwa mwendo wa mtu anayewahi kupika.

Nilikuwa nimepanda treni ya mwendokasi Beijing asubuhi. Ni safari ya saa tano hivi, na kadiri tulivyozidi kwenda kaskazini mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa yalibadilika rangi dirishani, kahawia ikaingia mabaka meupe, mwisho yakawa meupe matupu. Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa Tanga anayesomea uhandisi katika chuo kimoja cha jijini humo. Alinipokea kituoni.

"Shikamoo dada. Pole na safari."

"Marahaba. Baridi yenyewe ndiyo hii?"

"Hii bado. Ngoja jua lizame." Akanikabidhi glavu nene za kuvaa juu ya zile nilizokuwa nazo. "Na simu usiweke mfuko wa nje. Iweke ndani, karibu na mwili, la sivyo itazima hata kama ina chaji."

Kipimajoto kilionyesha nyuzi 15 chini ya sifuri. Jua lilizama kabla ya saa kumi alasiri. China nzima inafuata saa ya Beijing, na Harbin iko mbali mashariki; tena mwezi Desemba mchana wa huko haufiki saa tisa. Baridi ya namna ile inaanzia puani. Unavuta pumzi ya kwanza, vinyweleo vya ndani vinashikana. Unaitoa, mvuke unapanda na kuganda kwenye kope, na ukifumba macho muda mrefu kidogo, kope za juu na za chini zinanatana.

Kesho yake tuliteremka mtoni kwa ngazi za Bustani ya Stalin, jina ambalo jiji halijalibadilisha, karibu na Mnara wa Kuzuia Mafuriko. Pale ambapo upepo ulikuwa umefagia theluji, barafu ilikuwa wazi na nyeusi. Nilipiga magoti nikaitazama. Ndani yake zilisimama nyufa nyembamba zilizoonyesha unene wake wote. Vipovu vyeupe vilipangana kimoja juu ya kingine, vimenaswa vikiwa njiani kupanda. Na palikuwa na jani moja la njano, limekaa kiganja kimoja chini ya uso wa barafu, halijajikunja hata kidogo. Chini ya jani lile ni giza, na katika giza lile mto unaendelea na safari yake. Unatoka kwenye milima ya Changbai, mpakani na Korea Kaskazini, na unakwenda kumwaga maji yake kwenye ule mto mkubwa ambao Wachina wanauita Heilongjiang na Warusi wanauita Amur.

Barafu ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inaelea, na mto unafungwa kuanzia juu. Kisha barafu yenyewe inageuka kuwa kinga: baridi ya nje haifiki chini upesi, na samaki wanapitisha miezi yote hiyo humo, wakila kidogo na kutembea kidogo. Nimesoma habari hizi tangu shule ya msingi. Kuzielewa nilizielewa pale, nimeweka viganja juu ya paa la nyumba yao.

Mara barafu ikatoa mlio mzito, ukakimbia kutoka upande wetu hadi ng'ambo. Nikasimama.

"Ni baridi inaikaza," kijana akasema. "Usiku utaisikia zaidi."

Watalii wengi wanafika Harbin mwezi Januari, na wanachokifuata ni majumba ya barafu yenye taa. Tamasha la kimataifa la barafu na theluji la jiji hilo lilianza mwaka 1985 na hufunguliwa rasmi tarehe 5 Januari. Mimi nilichagua Desemba kwa makusudi, kwa sababu huo ndio wakati wa kuvuna. Kila jumba, kila mnara, kila ukuta unaoonekana kwenye picha zile umekatwa kutoka kwenye mto huu, na umekatwa na watu. Picha za watu hao ni chache mno, nami naona hilo si haki.

Tulifika kwenye eneo la kukatia kabla ya jua kuchomoza, nyuzi 23 chini ya sifuri. Taa kubwa zilikuwa zimewashwa na kazi ilishaanza. Kazi ya kwanza ya kila asubuhi ni kuvunja ngozi mpya: maji yaliyoachwa wazi jioni yanakuwa yameganda tena usiku, na mfereji wa kupitishia barafu lazima ufunguliwe upya. Wanaume walikuwa wamevaa suruali za mpira zilizopanda mpaka kifuani, kofia za manyoya zenye masikio, na vitambaa vya mdomoni vilivyokwisha kuwa vigumu kwa pumzi iliyoganda.

Theluji inakwanguliwa, kisha mistari inachorwa, ya urefu na ya upana. Msumeno wa duara umefungwa kwenye kitoroli chenye mota; mtu mmoja anausukuma kufuata mstari, na vumbi jeupe linaruka nyuma yake. Hakati mpaka chini. Anaacha sehemu kidogo bila kukata, maji yasije yakapanda kwenye ufa na kuganda humo, kazi ikaharibika. Kinachobaki kinamalizwa kwa mitalimbo. Watu watano au sita wanasimama bega kwa bega kwenye ufa, mmoja anatoa sauti, wote wanashusha chuma kwa pamoja. Wanashusha tena. Pigo la tatu linatoka na sauti tofauti, nene na fupi, na bonge zima linaachia. Linazama kidogo, linapanda, maji yanapita juu yake, kisha linatulia likiwa na rangi ambayo sikuitarajia: kijani chenye ubuluu ndani yake, safi kiasi kwamba niliona buti za mtu aliyesimama upande wa pili.

Yale mabonge yana urefu wa mita moja na nusu hivi, na mita moja ya ujazo ya barafu ina uzito wa kilo 917 au karibu na hapo, kwa hiyo, kwa upana na unene wake, kila moja linakaribia nusu tani. Juu ya nchi kavu lingehitaji mashine. Majini, mtu mmoja mwenye mti mrefu wenye kulabu analisogeza peke yake. Yalipita kwenye mfereji kwa foleni, moja nyuma ya jingine, kama ng'ombe wanavyopelekwa kwenye josho, na kila penye kona alisimama mtu wa kuyaelekeza. Mwisho wa mfereji yanapandishwa kwenye mteremko, mashine inayanyanyua, na lori linaondoka likitiririsha maji ambayo yanaganda kabla hayajafika barabarani.

Wakati wa chai tulizungumza na mwanamume mmoja wa makamo. Kijana wangu alimwita *shifu*, kama mafundi wanavyoitwa huko kwa heshima, naye akavua glavu moja kutusalimia. Kiangazi anafanya kazi za ujenzi. Baridi ikiingia, zege halikamatiki, maeneo ya ujenzi yanafungwa, na ardhi ya shambani inakuwa ngumu hata jembe haliingii.

"Bila mto tungekaa nyumbani kuanzia Novemba," alisema. "Huu mto ndio unaotulisha."

Nikamuuliza barafu nzuri inajulikanaje. Akanionyesha bonge lililokuwa limesimamishwa pembeni, akapitisha kidole kwenye ubavu wake. Sehemu ya juu ilikuwa na ukungu mweupe, kwa kuwa hapo theluji ilichanganyika na maji. Chini ya hapo ilikuwa angavu. Barafu inayoganda polepole inasukuma nje hewa na uchafu, akaeleza mwenyeji wangu kwa lugha ya darasani. Na maji yanayotembea chini yake yanavibeba. Fundi alilieleza kwa namna yake: barafu ya bwawa ni chafu kwa sababu maji yake yamelala, barafu ya mto ni safi kwa sababu maji yake yanafanya kazi.

Mimi nimekulia Mwanza, na pale barafu ni mali. Mitumbwi inayokwenda visiwani kukusanya sangara inaondoka imebeba mabonge yake, na bei ya barafu inapangwa na bei ya umeme. Mchuuzi wa samaki akikosa barafu asubuhi, kufikia jioni hasara imeshaingia. Nimewaona wanawake katika soko la Mwaloni Kirumba wakiokota hata vipande vilivyoanguka chini, wakivisuuza na kuvirudisha kwenye ndoo. Nikiwa pale Songhua, nimezungukwa na barafu isiyo na mwenye kuihesabu, niliwafikiria wao kwanza. Moyo uliniuma, nakiri, na haukuniuma kwa wivu. Nilichoona ni kwamba kitu kile kile kinaweza kuwa zawadi ya anga mahali pamoja na gharama ya kila siku mahali pengine, na anayekipata bure anaweza kukijengea majumba.

Na Harbin imejenga kweli. Inasimuliwa kwamba wavuvi wa zamani wa maeneo haya walijaza maji ndoo, wakaiacha nje, na kabla katikati hapajaganda wakamwaga maji yaliyobaki. Kilichosalia ni gamba la barafu lenye umbo la ndoo. Ndani yake waliweka mshumaa, na upepo haukuweza kuuzima. Mwaka 1963 jiji likafanya maonyesho ya kwanza ya taa za barafu katika Bustani ya Zhaolin, na mbinu ilikuwa hiyo hiyo ya ndoo. Wakazi walitoka majumbani usiku, kwenye baridi ile, miaka michache tu baada ya njaa kuu iliyoikumba China, kwenda kuangalia mwanga ndani ya barafu. Kati ya mambo yote niliyoelezwa kuhusu Harbin, hili ndilo lililonigusa zaidi.

Bustani kubwa ya sasa, Bingxue Dashijie, ilianza majira ya baridi ya 1999, ng'ambo ya mto. Katika msimu wa 2024 hadi 2025 ilitumia mita za ujazo 300,000 za barafu na theluji. Miaka ya karibuni wameanza kuhifadhi mabonge ya msimu mmoja hadi msimu unaofuata, wakiyafunika kwa matabaka ya vitambaa vya kuzuia joto, yavuke kiangazi chenye nyuzi 30, ili wajenzi waanze kazi kabla mto haujaganda. Tuliingia usiku. Taa zimo ndani ya kuta zenyewe, na rangi zinapanda na kushuka. Ni kazi kubwa ya kisanii na watoto walikuwa na furaha isiyo kifani. Lakini mimi niliusogelea ukuta mmoja usio na taa, nikakuta alama za msumeno, mistari myembamba iliyolala sambamba kwenye ubavu wa bonge, na hapo ndipo nilipokaa.

Mto huu haukuwa rafiki wa jiji siku zote. Harbin ilianza mwaka 1898 kama kituo cha Warusi waliokuwa wakijenga reli kuelekea Vladivostok, na ilichaguliwa kwa sababu ya mto: hapa ndipo reli ingevuka. Daraja lao la chuma lilikamilika mwaka 1901. Treni hazilitumii tena. Sasa ni la waenda kwa miguu, na sehemu ya sakafu yake imewekwa vioo, unatazama barafu moja kwa moja kati ya nyayo zako. Mwaka 1932 mto ulivunja kingo ukaua maelfu ya watu. Mwaka 1957 ulipanda juu zaidi ya hapo, lakini wakazi walishinda usiku na mchana wakijaza udongo kwenye tuta, na jiji likapona. Ule mnara wa ukingoni ulijengwa mwaka uliofuata kwa ajili yao. Una alama za vimo vya maji. Ya juu kabisa ni ya 1998, na nilipoisogelea ilinipita kimo.

Kisha kuna habari ya 2005, ambayo mwenye nyumba anakoishi yule kijana aliisimulia akiwa jikoni, bila kuulizwa. Novemba ya mwaka ule kiwanda cha kemikali kililipuka katika mkoa jirani wa Jilin, na tani zipatazo 100 za benzini na kemikali za jamii yake ziliingia mtoni. Sumu iliteremka na maji kuelekea Harbin wakati barafu ndiyo kwanza inajikusanya. Jiji lenye mamilioni ya watu lilifunga mabomba kwa siku nne. Alikumbuka rafu tupu za maji madukani, na alikumbuka ndoo alizojaza bafuni, sebuleni, mpaka chini ya kitanda. "Tulikuwa tunautazama tu," alisema, "tukijua kinachopita chini." Aliyasema haya huku akiosha mchele, na bomba lilikuwa wazi. Nilitamani kila mwenye kiwanda kando ya mto au ziwa, huko na huku kwetu, awe amekaa jikoni mle.

Asubuhi moja tuliwafuata wazee. Kuna bwawa wanalolikata kwenye barafu karibu na ukingo, na kila siku wanavunja ngozi yake lisizibe. Wanaogelea humo. Bibi mmoja mwenye nywele nyeupe alivua koti, akapangusa mabega kwa viganja vilivyojaa theluji, akateremka kwa ngazi bila haraka, akaogelea kwenda na kurudi. Alipotoka ngozi yake ilikuwa nyekundu na ilifuka mvuke, na nywele zilizoroa zikasimama zikawa ngumu kabla hajafika kwenye taulo. Hapakuwa na kiingilio wala kipaza sauti. Ni watu wa mtaa, wanafahamiana, wanataniana, wananyooshea kidole anayechelewa.

Hatua chache kutoka hapo wazee wengine walikuwa wakicheza pia, zile pia nzito za mbao, wanazichapa kwa mjeledi mrefu zizunguke juu ya barafu. Mjeledi unalia, pia inavuma. Nilipewa mjeledi nikachapa, na mkono ukakumbuka wenyewe, maana ni mchezo niliocheza utotoni kwa kamba ya katani. Walinipigia makofi. Mmoja akatuita kwenye kibanda chake cha mabati ambamo jiko lilikuwa linawaka, akatoa mapeya yaliyogandishwa.

Mapeya haya yanaachwa nje mpaka yawe meusi na magumu kabisa. Hayaliwi hivyo. Mzee aliyatia kwenye bakuli la maji baridi, akatuambia tungoje. Polepole ubaridi wa ndani ya tunda ukatoka nje na kugandisha maji yaliyolizunguka, hadi kila peya likavaa gamba la barafu. Aliligonga kwa mgongo wa kijiko, gamba likavunjika likaanguka vipande, na ndani peya lilikuwa laini. Unatoboa ngozi kwa jino, unafyonza. Maji yake ni matamu na ya baridi, yana uchachu kwa mbali.

Akaniuliza, kupitia kwa kijana, kwetu tuna mto gani. Nikamwambia tuna ziwa, kubwa hata ng'ambo huioni, haligandi, na watu wetu wanakula samaki. Aliposikia samaki alisogeza kiti.

"Basi mwambie amekuja wakati si wake. Arudi Aprili, mto ukifunguka."

Mto unafunguka kwa njia mbili, akaeleza. Miaka mingine unafunguka kwa upole, barafu inakonda kila siku mpaka inaishia yenyewe. Miaka mingine unafunguka kwa ghadhabu, mabamba yanapasuka yanapandana, yanarundikana kwenye kingo kwa kishindo kinachosikika mtaani. Kwa vyovyote vile, samaki wa kwanza wanaovuliwa baada ya hapo ndio bora wa mwaka mzima. Wamekaa miezi mitano karibu bila kula, matumbo yao ni safi, mafuta yao yamekwisha, nyama imekaza.

Nikamuuliza anawapikaje.

Kwenye sufuria kubwa ya chuma, alisema, juu ya moto wa kuni. Samaki anakaangwa kidogo kwa mafuta, halafu anatiwa rojo la maharage lililochachushwa, tangawizi, vitunguu vya majani na maji, kisha tofu na tambi za viazi. Unga wa mahindi unakandwa, unabandikwa kwenye kuta za sufuria juu ya mchuzi, unafunikwa. Mkate ukiwa tayari, upande mmoja umeungua kidogo na upande mwingine umenyonya mchuzi.

"Muulize anaweka pilipili kiasi gani," nikamwambia kijana.

Mzee akainua vidole vinne, akafikiri, akaongeza cha tano.